Mlango wa Dereva

Ukitaka kufunga mlango wa dereva wa gari la Baba, lazima utumie mikono miwili. Mmoja unashika kishikio, mwingine unaingia chini ya ncha ya nyuma ya mlango, unainua kidogo kama unayembeba mtoto aliyelala, halafu unasukuma. Ukisahau kuinua, chuma kinagonga chuma na ploti nzima inajua umefika. Nilijua kufunga mlango ule kabla sijajua kuendesha baiskeli.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Kama magari si mambo yako, fikiria gari la viti viwili, pua ndefu kuliko inavyohitajika, injini ya silinda sita, na mgongo unaoteremka hadi nyuma kama slaidi ya watoto. Nissan waliliunda kuanzia 1969 hadi 1973. Kama magari ni mambo yako, basi unajua tayari kwa nini mtu wa Nakuru angelitaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na 240Z, na Shekhar Mehta akaja wa pili na gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kumaliza na alama sawa kabisa na Harry Källström, ambaye naye alikuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Baba alisimulia hiyo sare kana kwamba alikuwa amekaa kiti cha nyuma. 240Z haina kiti cha nyuma.

Yeye hakuwahi kushindana popote. Alikuwa karani. Gari alilinunua kutoka kwa mkulima mmoja wa Molo, kuku wakiwa wanataga kwenye buti, na ikamchukua miaka sita kulifanya litembee. Lilipotembea, lilitembea Jumapili tu, na mimi nilikaa mapajani mwa Mama kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Baba alifariki 2019. Tangu siku hiyo gari lilikaa chini ya turubali nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi Mama alilitia moto, akaliacha lingurume dakika kumi, akalizima. Hakuwa na leseni. Hakuwahi kulitoa hata kwenye geti.

Kwa hivyo aliponipigia simu na kusema amepata mnunuzi, nilijua mambo yamefika mahali.

"Amekuja akaliangalia," akasema. "Anasema kila kitu sawa isipokuwa mlango wa dereva umelala. Anataka kukata elfu themanini."

"Elfu themanini kwa mlango?"

"Ndiyo nakwambia. Anarudi Jumamosi. Kuja hapa uupeleke kwa fundi, wewe mambo ya gari unayajua kidogo. Hizo themanini ni karo yako ya kumaliza. Siwezi kumwachia mtu."

Nikasema sawa, Mum. Nikakata simu nikakaa kitandani kwangu Kahawa Wendani nikiangalia ukuta.

Mimi sikuwa na karo ya kumaliza. Nilikuwa nimeacha chuo miezi kumi na minne kabla ya hiyo simu.

Sina hadithi kubwa ya kuacha chuo. Sikufukuzwa, sikugoma, sikupata ufunuo. Nilipata supu tatu kwenye semista moja, nikarudia mbili, nikaanguka moja tena, halafu siku ya kujisajili mwaka wa tatu semista ya pili sikuenda. Nikasema nitaenda Jumatatu. Jumatatu nilikuwa na kazi. Wakati huo nilikuwa nikiandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo, ile kazi ambayo nusu ya watu ninaowajua wameifanya na hakuna anayeiweka kwenye wasifu wake. Nimeandika kuhusu uuguzi, kuhusu sheria za kazi za Uingereza, kuhusu mwanafalsafa ambaye sikumwelewa na bado nikapata alama nzuri. Yaani mwenye insha ndiye alipata. Mtu fulani mahali fulani ana shahada ambayo kipande chake kikubwa kilitoka kwenye laptopu yangu, nikiwa nimeketi kwenye nyumba ya chumba kimoja, wakati mimi mwenyewe nimeshindwa kumaliza ya kwangu.

Halafu mashine zikajifunza kuandika insha, ile kazi ikakauka, na nikaanza kutafuta kazi ya kuandika kwa jina langu. Hapo ndipo nilipo hadi sasa.

Ila Mama aliendelea kutuma. Na mimi niliendelea kupokea. Hili ndilo ninalotaka kusema wazi, kwa sababu nikisimulia marafiki huwa nalipita mbio. Sikunyamaza tu. Nilipokea pesa zilizoandikwa karo, nikalipa nazo nyumba, na alipouliza masomo yanaendaje nilisema poa.

Nilifika Nakuru Ijumaa asubuhi. Fundi tuliyemwendea ni mzee ambaye Baba alikuwa akimpelekea gari tangu mwanzo. Gereji yake ni mabati upande tatu, mti wa mpera upande wa nne. Niliendesha polepole, mlango ukigongagonga kila shimo, nikaegesha chini ya mpera. Mzee akatoka, akalizunguka gari mara moja bila kunisalimia. Kisha akasema, "Hili bado liko. Na wewe ndiye ule mtoto wa mapajani."

"Ndiye, mzee."

"Haya. Tuone mlango."

Mimi nilidhani tatizo ni bolti zimelegea. Nilikuwa nimeshaangalia video mbili kwenye matatu. Mzee hakugusa spana. Alifungua mlango nusu, akachuchumaa mbele ya bawaba, ambazo yeye huita hinji, akaniambia, "Shika huku mwisho. Inua. Shusha. Polepole. Inua tena."

Nikainua, nikashusha. Mlango ulipanda na kushuka karibu upana wa kidole.

"Sasa kuja wewe uangalie, mimi niinue."

Tukabadilishana. Akanionyesha kwamba kuna sehemu tatu za kutazama. Kama bamba la bawaba linacheza juu ya bodi, basi ni bolti, na hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Kama bamba limekaza lakini bati la nguzo yenyewe linajipinda, basi kuna kutu au ufa ndani, na hapo ni kukata na kuchomelea, umpigie mwenye gari simu umwambie akae chini kwanza. Lakini kama bamba limetulia, nguzo imetulia, na kinachocheza ni pale katikati, pale mabamba mawili yanaposhikana, basi ni pini na bushi zimeliwa.

Yetu ilikuwa ya tatu. Bawaba ya juu ilikuwa mbaya zaidi. Ukitazama karibu unaona pini ikihama ndani ya tundu lake kama jino linalotaka kung'oka.

"Lakini ni kitu kidogo sana," nikasema. "Hiyo ni kama milimita."

Mzee akafungua shubiri kati ya bawaba ya juu na ya chini. Shubiri moja na nusu hivi. Halafu akapima urefu wa mlango kwa shubiri zilezile, hadi mwisho. Tano na zaidi. "Gari la milango miwili, mlango ni mrefu," akasema. "Milimita moja hapa, huko mwisho ni tatu, nne. Mlango ni kama fimbo. Ukitikisa shina kidogo, ncha inaruka."

Kisha akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nimekiona maisha yangu yote bila kukiona. Kwenye nguzo ya nyuma, kuna kile chuma ambacho kitasa cha mlango hukidaka mlango ukifungwa. Chini ya rangi kulikuwa na alama, mistari ya pale chuma hicho kilipokuwa zamani. Mstari wa kwanza juu, wa pili chini yake, halafu mahali kilipo sasa, chini kabisa, bolti zikiwa zimefika mwisho wa tundu.

"Kila mlango ukishuka, mtu alishusha hiki nacho. Ili ufunge."

"Nani?"

"Mimi," akasema. "Mara ya kwanza mimi. Babako alikuwa hana pesa, akasema fanya tu ufunge. Hiyo ya pili sijui. Labda yeye mwenyewe."

Sikusema kitu. Nilikuwa nafikiria kuhusu mara ngapi nilikuwa nimeshusha kitu ili kingine kifunge. Nilianza kwa kusema matokeo yamechelewa. Halafu tovuti ya chuo imekwama. Halafu mhadhiri amegoma.

"Na kwa nini huu wa dereva tu?" nikauliza. "Ule mwingine uko sawa."

"Wa dereva hufunguliwa zaidi. Halafu babako na goti lake."

Nilikuwa nimesahau goti. Gari lile liko chini sana, ukikaa ni kama umekaa sakafuni, na Baba alikuwa na goti la kulia bovu tangu ujana. Kutoka, alikuwa anafungua mlango wote, anaweka mkono juu yake, anaegemea na uzito wake wote hadi asimame. Kila Jumapili, kila safari, miaka yote ile. Zile pini zililiwa na Baba akisimama.

Kazi tuliianza saa tatu. Mzee alizungushia kila bamba mstari kwa msumari kabla ya kulegeza chochote, ili wakati wa kurudisha ajue lilikaa wapi. Akaweka jeki chini ya mlango, juu ya jeki kipande cha mbao, juu ya mbao gunia lililokunjwa, akapandisha hadi mlango ukalala kwenye gunia bila kubebwa na bawaba. Akatoa ule mkono mdogo unaozuia mlango usifunguke kupita kiasi. Halafu bolti. Zilikuwa zimeshikana kwa kutu, akazimwagia mafuta, akanituma chai, akarudi akazigonga kidogo kichwani, akazifungua moja baada ya nyingine bila kuvunja hata moja. Mlango ulipotoka tuliubeba wawili. Una kioo ndani, una mashine ya kioo, ni mzito kuliko unavyofikiri.

Bawaba tulizipeleka kwa mkereza aliye mitaa miwili kutoka hapo. Pini alizitoa kwa panchi na nyundo. Zilikuwa zimebonyea katikati, na tundu lililokuwa duara limekuwa yai. Mkereza alisema hakuna haja ya kutafuta za kununua, za gari kama hili utangoja miezi. Alitoboa matundu upya yakawa duara, makubwa kidogo kuliko mwanzo, akakereza bushi za shaba za kuingia humo kwa kubana, na pini mpya za chuma kigumu. Shaba, alinieleza, ni laini kuliko chuma, na ndiyo maana inawekwa. Lazima kitu kimoja kiliwe, basi kiliwe kile ambacho ni rahisi kubadilisha. Alitaka 2,400. Nililipa na pesa yangu mwenyewe, na nilijisikia vizuri kwa muda wa kama dakika moja.

Tuliporudi gereji, Mama alikuwa amefika na chapati na maharagwe kwenye hotipoti. Mzee alichukua zake akaenda kula na vijana wake. Mimi na Mama tukakaa kwenye kiti cha nyuma cha matatu fulani, kile kinachotumika kama benchi, tukitazama gari la Baba lenye shimo mahali pa mlango.

Akatoa risiti kwenye mkoba. Ilikuwa ya chama. Alikuwa amekopa huko kunitumia zile za Januari, na alikuwa akilipa kidogo kidogo, na alitaka nione kwamba gari likiuzwa atamaliza deni, anilipie semista ya mwisho, na kitakachobaki kitatengeneza paa. Alikuwa amepanga vizuri sana. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kando ya risiti: *mahafali, Desemba*.

"Mum," nikasema, "mimi siko chuo."

"Najua, umekuja huku."

"Hapana. Nimeacha. Mwaka jana."

Watu husema mzazi huwa anajua tu. Wangu hakuwa anajua. Niliona uso wake ukitafuta maana nyingine ya maneno yale, ukaikosa. Aliweka sahani chini, kwenye mchanga.

"Mwaka jana lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Zile elfu thelathini na nne za mwezi wa pili?"

"Nililipa nyumba. Na nikarekebisha laptopu."

"Zile za Septemba?"

"Nyumba."

"Na Januari hii?"

Hizo zilikuwa elfu ishirini. Zile za chama. Sikuweza kujibu, nikatikisa kichwa tu.

Hakulia, hakupaza sauti. Aligeuza risiti akaandika nyuma yake, 34, chini yake 34, chini yake 20, akapiga mstari, akajumlisha. Aliijumlisha mara mbili, na mimi najua kwamba Mama haitaji kujumlisha kitu mara mbili, ndiye mweka hazina wa hicho chama.

"Themanini na nane," akasema. Akatazama gari. "Mlango ulikuwa wa themanini."

Nilianza kueleza. Kuhusu supu, kuhusu kwamba ninaandika sasa, kuna jarida limenilipa, kuna mtu anataka nimwandikie tovuti. Akainua mkono. "Utaniambia. Si leo. Leo nisikie kitu kimoja. Ulikuwa unakula?"

"Ndiyo."

"Basi." Akafunika hotipoti.

Mzee aliporudi aliona kwamba kuna kitu, akaamua hakuoni. Alirudisha bawaba kwenye nguzo kwanza, akifuata mistari yake ya msumari, akatia grisi kwenye pini. Kisha akahitaji watu wawili wa kushika mlango huku yeye akitafuta tundu za bolti, na vijana wake walikuwa wameenda Ijumaa msikitini. Kwa hivyo nilishika nyuma, na Mama akavua shuka la mabega akashika mbele. Tukasimama hivyo kama dakika kumi, uso kwa uso, mlango katikati yetu.

"Pandisheni," mzee anasema. Tunapandisha. "Kidogo. Shusheni. Mama, kuja kwangu. Hapo. Msisonge." Mama alikuwa akipumua kwa pua. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye kipaji. Nikasema, "Mum, wacha nibebe mimi zaidi," akasema, "Beba upande wako."

Bolti zikaingia. Mzee akazikaza nusu, akafunga mlango polepole, akatazama ile nafasi kati ya mlango na bodi kuzunguka pande zote, kama ni sawa juu na chini. Akafungua, akasogeza, akakaza. Kitu cha mwisho kabisa kilikuwa kile chuma cha kudaka kitasa. "Hiki ni cha mwisho," akaniambia. "Ukianza na hiki, unajidanganya." Akakilegeza, akakipandisha hadi kwenye alama ya kwanza kabisa, ile ya juu, akakikaza.

"Funga," akamwambia Mama.

Mama akaweka mkono wa kushoto chini ya ncha ya mlango, kuinua, kama tulivyozoea sote.

"La, la. Usiinue. Sukuma tu."

Akasukuma kwa vidole viwili. Mlango ukafunga, ukatoa mlio mdogo kama mtu anayefunga kitabu. Akaufungua, akaufunga tena. Mara ya tatu hakuufungua. Akasimama hapo mkono wake ukiwa juu ya bati, mzee akageuka akaanza kukusanya spana zake.

Mnunuzi alikuja Jumamosi saa nne kama alivyosema. Alilipa pesa zote, hakukata hata shilingi. Aliendesha hadi mwisho wa barabara akarudi, akafungua mlango, na ili atoke akaweka mkono juu yake na kuegemea.

"Usiegemee mlango," Mama akasema. Alisema kwa sauti ambayo yule jamaa, mtu mzima mwenye kitambi na saa ya bei, aliondoa mkono mara moja na kusema samahani, Mama.

Deni la chama lililipwa Jumatatu. Paa lilitengenezwa mwezi uliofuata. Zile za semista ya mwisho aliziweka mahali, na hajaniambia ni wapi, na sijauliza. Kwa wiki tano hakunipigia simu. Ya sita akapiga kuuliza kama nina mpango wa kulipa au ananingoja.

Ninatuma elfu tatu kila tarehe tano. Tumeongea kuhusu chuo mara moja, vibaya, na mara moja vizuri kidogo. Amesoma kitu kimoja nilichoandika, akasema ni kirefu. Sijui kama hiki atakisoma. Kila mwezi nikishatuma ananijibu kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huwa ni hesabu tu. Mwezi huu ni wa kumi na tano. Umeingia nikiwa naandika hapa.

*Nimepata. Imebaki 43,000.*